Miaka minane na mguu wa kuku kiunoni: niliyoyaona mwenyewe

Mzee_wa_Spea (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya muda mrefu. Haipiti wiki kabla kijana hajauliza, "Nairobi imeharibika, nitapataje leseni ya bastola?" Majibu ni yale yale. Mmoja anamwambia atafute mkubwa anayemjua, mwingine anamtajia bei, wa tatu anamcheka. Maisha yanakuwaje baada ya kupewa, hapo wote wananyamaza.

Mimi nauza spea za magari Kirinyaga Road, pale Grogon. Mwaka 2016 nilifuatwa kutoka dukani hadi getini kwangu Kasarani. Walikuwa watatu, pikipiki mbili. Walibeba mauzo ya siku mbili na wakaniachia kovu la kitako cha bastola juu ya sikio. Mwaka uliofuata nikapata leseni. Sitawachosha na safari ya karatasi: cheti cha tabia njema, barua ya daktari kwamba akili zangu ni timamu, mafunzo ya kulenga shabaha, kamati ya usalama inayokuuliza maswali mpaka ya majirani, na maafisa kuja nyumbani kutazama sanduku la chuma limefungwa ukutani kweli au limewekwa tu chini ya kitanda. Desemba 2018 serikali ikaamuru sote tupigwe msasa upya, tukaanza foleni tena kama wanafunzi wa kidato cha kwanza, tukapewa kadi mpya.

Hayo yamepita. Ninalotaka kusimulia ni jioni moja ya Novemba, mvua inanyesha, tumekwama mzunguko wa Globe tukielekea Ngara. Mke wangu yuko upande wa abiria. Vioo vilikuwa vinaingia ukungu, kwa hiyo alikuwa ameshusha chake kidogo, upana wa kiganja. Kiganja kikaingia. Simu ikaenda.

Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nje ya gari, mguu mmoja ndani ya dimbwi, mkono wa kushoto umeinua shati na wa kulia umeshika mpini. Yule mwizi aliteleza kwenye ukingo wa barabara akaanguka kifudifudi, akageuka. Alikuwa mtoto. Miaka kumi na minne, labda kumi na mitano. Chupa ya gundi ameing'ata kwa meno, haikudondoka hata alipoanguka. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu. Alijua vizuri kabisa nimeshika nini.

Nikashusha shati. Akaamka, akapotea upande wa mtoni na simu yetu.

Nilipogeuka ndipo miguu ikaniisha nguvu. Gari langu lilikuwa linanguruma, mlango wa dereva wazi, mke wangu ndani peke yake, matatu nyuma inapiga honi kama king'ora. Nilibeba bastola ili nimlinde huyu mwanamke. Saa ilipofika nikamwacha kwenye gari lililo wazi, katikati ya Globe, usiku, nikakimbilia simu.

Hakuniambia neno mpaka Pangani. Kisha akasema, "Ungempiga?" Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Kwa hiyo vijana mnaotaka, ulizeni. Lakini mjue kwamba ukishaivaa hiyo kitu, umestaafu kugombana. Makanga akikukwaruza gari na kukutukana mama, unasema pole kaka, unaenda zako. Mlevi akikumwagia bia, unamnunulia nyingine. Mimi nilikuwa mtu wa maneno, watu wa Grogon wananijua. Siku hizi wananiita pasta.

---

Kijana_Umoja

Mzee wa spea, heshima yako. Lakini niruhusu niseme ukweli. Wewe una gari, geti na soja. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro asubuhi kwenda steji, kichochoro hakina hata taa moja. Mwaka huu nimepigwa ngeta, yaani kukabwa koo kwa nyuma, mara mbili. Mara ya pili nilizinduka nikiwa sina viatu. Sasa unatuambia bastola ni mzigo huku wewe unayo kiunoni. Ina maana haki ya kujilinda ni ya wenye duka peke yao?

---

Mstaafu_Sare

Kijana, pole sana. Swali lako ni zuri na wala usiombe msamaha kwa kuliuliza. Nimevaa sare ya polisi miaka 27, kumi na moja kati ya hiyo hapa Nairobi, na nimebeba bastola ya Ceska mpaka ikaniachia alama kwenye nyonga. Acha nikuonyeshe hesabu ya ngeta.

Ngeta huanza nyuma yako. Unapojua umeshambuliwa, kigasha kimeshafika kooni na miguu inaacha ardhi. Una sekunde chache kabla giza halijaingia. Wa pili yuko mbele yako, kazi yake ni mifuko tu. Mikono yake inapitia wapi kwanza? Kiunoni. Sasa niambie nani ataipata hiyo bastola, wewe au yeye. Nimeandika taarifa za askari walionyang'anywa silaha kwa njia hiyo hiyo, watu waliofunzwa chuo cha polisi Kiganjo, si raia. Bastola iliyoibwa hairudi kabatini. Inakwenda kufanya kazi Umoja hiyo hiyo.

Kuna sajini wa polisi wa Salt Lake City kule Marekani, Dennis Tueller, aliyeandika mwaka 1983 juu ya zoezi alilolifanya. Mtu mwenye kisu akiwa umbali wa futi 21, yaani mita sita na kitu, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Ni muda ule ule askari mwenye mazoezi anaouhitaji kuchomoa na kufyatua. Mita sita! Wa kwako wanakutokea kwenye nafasi ya mlango. Ukiwa na shati, koti juu ya shati, na mkoba wa laptopu umekingama kifuani, sekunde moja na nusu haitoshi hata kuipata.

Sikatai kwamba kuna wakati inaokoa. Inaokoa pale unapomwona mtu mapema, una kitu cha kujikinga nyuma yake, na huna njia ya kukimbia. Ukiwa na njia ya kukimbia, kimbia. Askari wazuri niliowajua wote walikuwa wepesi wa kukimbia.

---

Mbishi_wa_Rongai

Mstaafu unaongea vizuri, lakini Westgate je, siku magaidi walipovamia lile jumba la biashara? Raia wenye leseni ndio waliingia kwanza. Wangeiacha nyumbani leo tungezika wangapi zaidi?

---

Mstaafu_Sare

Ni kweli, na sitawaondolea sifa yao. Tarehe 21 Septemba 2013 raia wenye leseni waliingia na askari wachache waliovaa kiraia wakati amri za juu zilikuwa bado zinatafutana. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, aliingia na bastola kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Dunia nzima iliona picha ya yule mtoto msichana akikimbia kumwelekea.

Lakini kumbuka na upande wa pili wa siku ile ile. Kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa mle ndani, na taarifa zilizotoka zikasema risasi ilitoka kwa wanajeshi wetu. Huyo alikuwa askari wa kikosi maalumu. Wewe umevaa jinzi na fulana ya Gor Mahia, umeshika bastola katikati ya moshi. Anayeingia nyuma yako na bunduki kubwa atakujuaje?

Na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuhusu raia, kuliko magaidi, maana magaidi hawaji kila Jumanne. Chukua siku ya kawaida. Umevamiwa barabara ya Tom Mboya, umefyatua, aliyekuvamia ameanguka, mwenzake amekimbia. Wanaofika dakika hiyo hawakuona mwanzo. Wanaona mtu ana damu chini na mtu amesimama na bastola, hana sare. Mmoja akipaza sauti "mwizi!" unafikiri vidole vitaelekea kwa nani? Nimeokota watu chini ya mawe na tairi ambao baadaye tulijua hawakuwa wezi.

Kwa hiyo ukifyatua, Mungu apishe mbali, na hatari imekwisha, bastola irudi kiunoni kabla watu hawajajaa. Ingia mahali penye mlinzi, duka, benki, kituo cha mafuta. Piga 999 au 112, sema wewe nani, umevaa nini, na una leseni. Askari wakifika mikono yako iwe mitupu na wazi. Utakamatwa. Usishangae wala usipige kelele za "unajua mimi ni nani". Utalala ndani na bastola itachukuliwa kama kielelezo. Hiyo ndiyo siku yako nzuri kabisa.

Kwenye kizuizi barabarani vivyo hivyo. Taa ya ndani uiwashe, mikono juu ya usukani, na maneno yatangulie mkono: "Afande, nina leseni ya silaha, iko kiunoni upande wa kulia, niifanyeje?" Kisha ngoja aseme. Kuna watu huinua shati kwanza ndipo waanze kueleza. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 23 kwenye kizuizi cha usiku mara ya kwanza nilipofanyiwa hivyo, na kidole changu kilikuwa kimeshaingia mahali pake. Yule bwana hajui hadi leo.

---

Mama_Wawili_Donholm

Nasoma tu mnavyozungumza ya barabarani. Mimi nizungumzie ya chumbani.

Mume wangu alikuwa na leseni. Alikuwa mwangalifu, na nalisema hili kwa sababu najua mtasema alikuwa mzembe. Akifika nyumbani anatoa magazini, lile kasha la risasi, anaiweka bastola ndani ya sanduku, magazini mahali pengine. Kila siku. Siku moja alirudi amechoka, simu ya ofisini inalia, akatoa magazini akaiweka mezani, bastola akaiweka juu ya kabati "dakika mbili tu".

Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nikasikia kochi likiburutwa. Sauti hiyo ninaijua, ni sauti ya mwanangu akitafuta biskuti. Nilipoingia alikuwa amesimama juu ya mkono wa kochi, ana miaka sita, ameishika kwa mikono miwili, tundu limemwelekea dadake aliyekuwa sakafuni na daftari. Akaniambia, "Mama hii haina risasi, baba ametoa."

Alikuwa anarudia alichokiona kila siku. Nilimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mpe mama." Akanipa. Sikujua kuishika, niliishika kama mtu anavyoshika panya aliyekufa. Mume wangu alipoivuta nyuma, ikatoka moja. Ilidunda kwenye vigae ikaenda chini ya meza ya televisheni. Ilikuwa kwenye chemba, ndani ya bastola yenyewe, muda wote.

Mama zangu mnaosoma, kama mna waume wenye hizi vitu: kutoa magazini si kutoa risasi. Ile moja inabaki juu, mpaka uvute nyuma na utazame kwa macho na uingize kidole. Mimi sikuijua hiyo mpaka siku ile, na tulikuwa tumeishi nayo miaka mitatu. Alinifundisha usiku huo huo. Mwezi uliofuata aliirudisha kwa wenyewe akaomba leseni ifutwe. Sikumwomba.

---

Mzee_wa_Spea

Mama Wawili, nimesoma mara tatu. Nimesimama nikaenda kutazama sanduku langu, na niko dukani, wala sanduku haliko hapa. Nimempigia mke wangu. Asante.

---

Wakili_Milimani

Naona wengi wanasema "nikivamiwa nina haki ya kupiga". Haki ipo, lakini haiko kama mnavyoiweka.

Sheria yetu ya Jinai, kifungu cha 17, haikuandika kanuni zake yenyewe kuhusu kujitetea. Inasema mambo hayo yatapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Ndiyo maana mahakama zetu hapa Milimani bado zinataja kesi ya Palmer ya mwaka 1971, iliyotoka Jamaika ikaamuliwa London. Maswali ni mawili, kwa lugha ya mtaani: je, uliamini kwa dhati kwamba unashambuliwa, na je, nguvu uliyotumia ilikuwa na kiasi kulingana na hatari hiyo? Mahakama inakubali kwamba mtu aliye kwenye patashika hana mizani mkononi, hapimi gramu kwa gramu. Hapo inakuvumilia. Lakini haikuvumilii hatari inapokuwa imekwisha. Aliyekupa kisogo anakimbia na simu yako hakutishii tena uhai. Mzee wa Spea, ungempiga yule mtoto wa Globe, ungeshtakiwa, na mimi kama wakili wako ningekuwa na kazi ngumu sana.

Watu hufikiri risasi ya mgongoni ni ushahidi wa daktari tu. Ni hadithi nzima. Inamwambia jaji kila kitu kabla wewe hujafungua mdomo.

Mengine ambayo wateja wangu hujifunza wakiwa wamechelewa. Cheti chako kinataja silaha ile, kwa namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Kumwazima kaka yako akaende nayo shamba wikendi ni kosa, hata kama kaka ni kanali mstaafu. Leseni iliyokwisha muda ni sawa na huna, na kumiliki silaha bila cheti kifungo chake ni cha miaka, si miezi. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina kosa lake maalumu la kuwa mlevi au kufanya fujo ukiwa umebeba. Hapo si lazima uwe umefyatua. Kuinua shati ili mdaiwa wako aone kitu kinang'aa, au kuiweka mezani kando ya nyama choma ili mazungumzo ya shamba yaende haraka, hiyo ni kesi, na nimeziona.

Januari 2020 DJ mmoja alipigwa risasi ya shingo ndani ya klabu Kilimani. Wote mliitazama ile video. Tangu hapo, mteja akiniambia anabeba na anakunywa "moja mbili tu", namwambia achague kimoja anipigie simu tena.

---

Mbishi_wa_Rongai

Wakili, moja mbili kweli haina shida. Mwanaume anajua kipimo chake.

---

Mzee_wa_Spea

Rongai, hapo nakupinga na sitaki mjadala mrefu. Sifuri. Siku nikijua jioni kuna sherehe, bastola inabaki kwenye sanduku asubuhi, kabla sijatoka. Usiseme utaiacha kwenye gari ukifika. Magari ya Nairobi yanavunjwa kioo kwa sababu ya miwani ya jua.

---

Abu_Section_Tatu

Assalam aleikum ndugu zangu. Uzi mtamu. Mimi nina jambo ambalo halijawahi kuulizwa na yule mwalimu wa kulenga shabaha hakuwa na jibu: msikitini.

Mimi hubeba upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga, ndani ya suruali. Sasa ukirukuu shati linapanda. Ukisujudu linapanda zaidi, na safu ya nyuma yako kuna watu kumi wanatazama mgongo wako. Mara ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alikatiza swala. Eastleigh hii, mwajua historia yetu na misako. Alitoka nje akaniita, "Mwanangu, wewe ni nani?" Nilijieleza dakika ishirini, nikatoa kadi, nikamtaja marehemu baba yangu ndipo akatulia. Aliniambia, "Hapa kuna watoto wamewahi kuona watu wakiburutwa na watu waliovaa kama wewe."

Tangu hapo Ijumaa navaa kanzu, au sibebi kabisa. Mara nyingi sibebi.

---

Mzee_wa_Spea

Abu, waaleikum salaam. Huyo mzee wako amesema jambo. Sisi husema tunaificha ili mwizi asijue. Lakini tunaificha pia ili mtu mwema asiingiwe na hofu bure. Kanisani kwetu hakuna kusujudu, lakini kuna kumkumbatia jirani wakati wa amani, na mama mmoja wa kwaya alinigusa kiunoni akaniuliza kama ni ile mashine ya sukari. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Kwa kuwa watu wameniandikia inboksi kuhusu ubebaji wenyewe, nijibu hapa kwa pamoja.

Ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, ndiyo kila kitu. Nunua ile ngumu inayofunika triga yote, isiyolegea ukichomoa. Zile za kitambaa zinajikunja, na kitambaa kilichojikunja kinaweza kuingia mahali pa kidole wakati unairudisha. Risasi nyingi za bahati mbaya hutoka wakati wa kurudisha, maana wakati wa kuchomoa mtu yuko makini, akirudisha ameshalegea. Rudisha polepole, ukitazama, kidole kimenyooka pembeni kama unamwonyesha mtu njia. Mkanda uwe mnene, si huu wa suti. Usiiweke katikati ya mgongo, hasa nyinyi wa bodaboda. Nilimwona fundi wa pale Grogon aliyeanguka nayo uti wa mgongo ukapata ufa, na pikipiki yenyewe ilikuwa mwendo wa kobe.

Dada mmoja ameuliza kuhusu mkoba. Dada yangu, mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa. Na mkoba huwekwa sakafuni, hupewa rafiki ashike, huachwa kwenye kiti cha saluni. Ikiwa mavazi hayakuruhusu kuiweka mwilini siku hiyo, basi siku hiyo iache.

Sasa choo. Mnacheka, lakini hapa ndipo wengi huaibika. Ukishusha suruali uzito wote unaenda sakafuni, na mlango wa choo cha jumba la biashara una uwazi chini. Watu huitoa wakaiweka juu ya tangi la maji, wakamaliza, wakanawa mikono, wakaenda zao kula baga. Mfanyakazi wa usafi anaikuta. Mimi naiacha ndani ya ala yake, ala ndani ya suruali, na suruali naikusanya katikati ya magoti. Haipendezi. Lakini haijawahi kubaki choo.

Kwenye geti za majumba hayo, mwambie soja kwa sauti ya chini kabla mashine haijalia. Pengine watakuambia uiweke kwenye kisanduku chao, pengine watakuambia hapana. Wakisema hapana, geuza gari. Yule soja analipwa kidogo na ana watoto, usimfanyie ukubwa.

Na mazoezi. Mimi hwenda uwanja wa Kirigiti kule Kiambu nikipata nafasi, na risasi si bei ya mandazi, kwa hiyo katikati hapo najizoeza nyumbani na bastola tupu. Tupu kwa maana ya Mama Wawili, nimeivuta nimetazama nimeingiza kidole, na risasi zote ziko chumba kingine. Mwaka wa kwanza nilidhani najua kulenga. Siku mwalimu aliponikimbiza mita hamsini kwanza kisha akaniambia piga, nilikosa karatasi nzima kutoka hatua saba. Ile risasi iliyokosa ilikwenda kwenye tuta la udongo. Mtaani hakuna tuta. Inatoka kwa mwendo wa mita mia tatu na hamsini hivi kwa sekunde, na mabati ya geji thelathini haiyaoni hata kidogo. Fikiria Mathare, au hapo kwetu nyuma ya Grogon kwenye zile nyumba za mabati. Mtu amelala na mwanawe upande wa pili wa ukuta ulio nyuma ya mwizi.

---

Mstaafu_Sare

Hilo la ukuta ulilolisema, Mzee wa Spea, ndilo lililonizuia kufyatua mara nyingi kuliko sheria ilivyonizuia. Huruma na wasiwasi wa risasi kufika kwa asiyehusika. Sijutii hata moja.

---

Kijana_Umoja

Nimesoma yote. Sikudanganyi, nilikuja na hasira. Nilidhani mtaniambia nikaokoke.

Mstaafu, hiyo hesabu ya ngeta imeniingia. Nimekaa nikaona ni kweli, mara zote mbili nilikuwa na simu mkononi naangalia saa, na mara zote mbili ni pale pale penye kona baada ya kibanda cha chapati. Tuko wanne kwenye ploti yetu tunaotoka saa hiyo hiyo, kila mmoja anatoka kivyake kwa sababu hatujawahi kuongea. Jana nimegonga milango yao. Mmoja anafanya kazi godauni Industrial Area, amekubali tutoke pamoja saa kumi na moja kamili. Mwenye ploti amesema taa ya kona si yake, ni ya kaunti. Kwa hiyo tunachanga.

Mzee wa Spea, wewe uko Grogon. Taa ya sola yenye kuwaka mtu akipita, isiyoibwa kirahisi, mnauza?

---

Mzee_wa_Spea

Siuzi, lakini jirani yangu wa kushoto anauza. Usichukue ile yenye paneli imeunganishwa na taa, watang'oa yote kwa pamoja. Chukua yenye waya mrefu, paneli uipande juu ya paa la mwenye ploti, taa uishushe ukutani, na bolti zake uziunge na welding. Njoo Jumamosi kabla ya saa sita, uniulizie kwa jina la Pasta.